Vituo vya Nyasa ya Kaskazini na Reli Isiyofika Kyela

Mtu atokaye Mbeya kwenda Kyela hupanda kwanza kabla ya kushuka. Barabara huliacha bonde la Uyole, ikapita kati ya milima ya Uporoto na mlima Rungwe, mahali palipozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka katika migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu, na mwisho hufika katika uwanda wa mpunga na kakao uliopo karibu mita 500 tu. Maji ya Ziwa Nyasa yenyewe yako kadiri ya mita 475. Katika mwendo huo wa kilomita zaidi ya 100 msafiri haoni chuma cha reli ila pale mwanzoni, Mbeya. Kwa sababu hiyo watu wamezoea kusema kwamba Kyela ni mwisho wa nchi, pembe iliyosahauliwa na gari la moshi.

Usemi huo una nusu ya kweli. Gari la moshi halikufika Kyela, wala Tukuyu, mji mdogo wa mlimani ulio juu yake. Lakini pwani ya kaskazini ya Nyasa ilikuwa na vituo tangu karne ya 19, na kwa miaka mingi vituo hivyo vilikuwa mali ya mashirika ya reli, vikapokea mizigo kwa hati za reli na kuipeleka kwenye reli. Tofauti ni kwamba kati ya kituo na kituo palikuwa na maji badala ya mataruma, na kwamba reli yenyewe ilikuwa ng'ambo ya kusini, katika nchi nyingine. Habari ya vituo hivyo yastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna jibu la swali lisemwalo mara nyingi kwa manung'uniko: kwa nini wao walipata na sisi hatukupata?

Neno *kituo* lenyewe ni la wachukuzi. Latokana na *kutua*. Ni mahali mtu anapotua mzigo wake, akapumzika, akalala, au akamkabidhi mwingine. *Stesheni* ni neno la wageni, nalo liliingia Kiswahilini pamoja na reli na polisi. Wajerumani nao walisema *Station*, ila kwao neno hilo lilikusanya mambo mengi: boma la askari lilikuwa *Station*, na nyumba ya wamisionari ilikuwa *Station* vilevile. Ndiyo maana ramani zao za kaskazini ya Nyasa zimejaa vituo, na hakuna hata kimoja kilichopata kusikia filimbi ya gari la moshi.

Wageni wa Ulaya waliifikia pembe hiyo kwa maji kabla ya kuifikia kwa miguu. Livingstone aliliona ziwa kwa upande wa kusini mwaka wa 1859, akaandika jina lake Nyassa, ambalo kwa wenyeji wa huko ni neno la kutaja ziwa lolote tu. Mwaka wa 1875 meli ndogo ya misheni ya Waskoti, Ilala, ilizunguka ziwa zima, na milima mirefu inayosimama juu ya maji upande wa mashariki ikapewa jina la Livingstone. Mwaka wa 1877 Balozi Elton alishuka katika nchi ya Wanyakyusa akitaka njia ya kwenda pwani, naye akafa njiani, katika Ugogo. Joseph Thomson akaja kwa nchi kavu mwaka wa 1879. Wote walistaajabu jambo moja: uwanda uliolimwa vema, migomba, ng'ombe, nyumba safi, watu wengi. Hapakuwa na njaa ya kituo mahali hapo. Wenyeji walikuwa na mitumbwi yao, na masoko yao yalikuwa pwani: wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu huko Ikombe, vikachukuliwa kwa mtumbwi hadi Matema na mbele, na biashara hiyo ingali ipo.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka. Wanyakyusa wakabaki upande mmoja na ndugu zao Wangonde upande wa pili. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kimoravian na wa misheni ya Berlin walifika karibu kwa wakati mmoja, wakagawana nchi: Wamoravian wakajenga Rungwe, na baadaye Ipyana katika uwanda, si mbali na Kyela ya leo, Waberlin wakashika upande wa mashariki hadi kandokando ya ziwa. Hao nao hawakuja kwa njia ya Dar es Salaam. Walipitia Chinde, kwenye midomo ya Zambezi, wakapanda mito ya Zambezi na Shire, wakayazunguka maporomoko ya Shire kwa miguu, kisha wakavuka ziwa kwa meli. Basi tangu mwanzo mlango wa nchi hii ulitazama kusini.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyoleta meli ya Wajerumani. Fedha zake zilipatikana kwa bahati nasibu iliyochezwa Ujerumani kwa ajili ya kupiga vita biashara ya utumwa, na Hermann von Wissmann mwenyewe ndiye aliyeongoza safari ya kuzipeleka sehemu zake. Vyuma vilichukuliwa vipande vipande, vikaunganishwa upande wa kusini wa ziwa, na mwaka wa 1893 meli ikateremshwa majini ikiitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo boma likajengwa katika ghuba ya Lumbira, chini ya milima ya Livingstone, likaitwa Langenburg.

Jina hilo laomba maelezo kidogo. Langenburg ni mji mdogo wa Ujerumani ya kusini, uliojengwa juu ya mgongo wa kilima, makao ya ukoo wa Hohenlohe-Langenburg. Na mmoja wa ukoo huo alikuwa mkuu wa Chama cha Makoloni cha Wajerumani. Mji ule wa Ulaya ulipata tawi lake la reli mwaka wa 1900. Langenburg ya Nyasa haikupata kitu. Ilikuwa imebanwa kati ya mlima na maji, joto na homa viliwasumbua wakaao ndani yake, na watu wa kutawaliwa walikuwa mbali, juu ya miteremko ya Rungwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ikahamia mlimani, Tukuyu, na jina likahamishwa pamoja na makaratasi: Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Kituo cha kwanza cha kaskazini ya Nyasa kikaachwa kwa wavuvi.

Mlimani kulikuwa na hewa njema, lakini mzigo haupandi mlima peke yake. Bandari ya Tukuyu ikawa Mwaya, katika uwanda wa mashariki ya Kyela. Wajerumani waliiandika Muaja, kwa kuwa *j* yao husomwa kama *y* yetu. Tahajia za majina ya sehemu hii zina mengi ya kumfundisha mwanafunzi wa lugha. Jina la Kyela, kwa mfano, limehifadhi *ky-* mbele ya irabu, mahali ambapo ngeli ya *ki-* katika Kiswahili hugeuka *ch-*, kama katika *chakula* na *chombo*. Makarani wa Kiswahili waliandika jina kama walivyolisikia wala hawakulirekebisha, na walifanya vema.

Mwaya ilikuwa na adui asiyeonekana upesi, nalo ni ziwa lenyewe. Karibu na mwaka wa 1915 maji ya Nyasa yalishuka mno hata mto Shire, ambao ndio mlango wake wa pekee wa kutokea, ukaacha kutiririka, ukazibwa na mchanga na matete. Kisha maji yakaanza kupanda mwaka hata mwaka, na kufikia miaka ya 1930 yalikuwa yamepanda mita 5 hadi 6. Penye mwamba, mita 5 si neno. Penye uwanda kama wa Kyela, ambako mito minne mikubwa, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, humwaga matope yake kila masika, mita 5 za maji huhamisha ufuko na kufunika mashamba. Yeyote aulizaye kwa nini pwani hii haikujengewa gati kubwa la mawe tangu zamani na aitazame kwanza ardhi yenyewe.

Wajerumani waliwaza pia reli. Mnamo 1904 na 1905 Paul Fuchs alitumwa kuipima hali ya uchumi ya nchi itakayopitiwa na reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Wiedhafen, karibu na Manda, katika ufuko wa mashariki wa Nyasa. Kwa mpango huo Manda ingalikuwa stesheni ya mwisho, na mazao ya Mwaya na Matema yangalivushwa kwa meli mpaka huko. Mpango haukutekelezwa. Katika Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza katika nchi ileile ambayo reli ingeipita, ikateketea kwa vita na njaa. Na fedha zilipopatikana Berlin zilikwenda kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma Februari 1914, na ile ya Usambara. Wiedhafen likabaki jina la ramani.

Vita vya 1914 vilianzia ziwani. Tarehe 13 Agosti Kapteni Rhoades wa meli ya Waingereza, Gwendolen, aliikuta Hermann von Wissmann imevutwa nchi kavu kutengenezwa huko Sphinxhaven, ambayo ndiyo Liuli. Nahodha wake Mjerumani hakuwa na habari kwamba kuna vita. Yasimuliwa kuwa alikuja kwa mashua akighadhibika na kumwuliza rafikiye kama amelewa. Meli ikaharibiwa mashine, na mwaka wa 1915 ikashambuliwa tena. Baada ya vita Waingereza waliitengeneza, wakaiita King George V. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na magazeti ya London yalikitangaza kuwa ushindi wa majini. Lakini kwa Mwaya na Tukuyu maana yake haikuwa ya kuchekesha: siku ile njia ya pekee ya mizigo mizito ilikatika. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Northey likaingia Neu-Langenburg, na jina la Tukuyu ndilo lililodumu.

Sasa yaja sehemu ambayo watu huisahau. Waingereza walipotawala pande zote mbili za Songwe, ziwa likawa kiungo badala ya mpaka, na reli ikalijia kutoka kusini. Reli ya kutoka karibu na Beira ilifika ukingo wa Zambezi mwaka wa 1922. Mwaka wa 1935 daraja la Zambezi, refu zaidi ya kilomita 3 na nusu, likamalizika, na mwaka huohuo reli ya Nyasaland ikafika Salima, na bandari ya Chipoka ikawa mahali ambapo gari la moshi hukutana na meli. Meli zenyewe ziliendeshwa na Reli za Nyasaland. Hivyo gunia la kahawa au la mchele lililopakiwa kaskazini lilikuwa, kwa hesabu za karani, limeshaingia relini: Chipoka, Blantyre, Zambezi, Beira, bahari. Mwaya ilikuwa stesheni ya reli ambayo mataruma yake ya kwanza yako mbali upande wa pili wa ziwa.

Njia hiyo haikuwa ya salama siku zote. Nyasa huchafuka ghafula, hasa upepo wa kusi, ambao wenyeji huuita *mwera*, unapovuma kwa siku kadhaa mfululizo. Askofu Chauncy Maples alizama humo mwaka wa 1895. Meli ya misheni iliyopewa jina lake iliteremshwa majini mwaka wa 1901, ikahudumia vituo vya ufuko wa mashariki kwa miaka mingi. Tarehe 30 Julai 1946 meli mpya ya Reli za Nyasaland, Vipya, ilipinduka katika dhoruba upande wa magharibi wa ziwa, wakafa watu zaidi ya 140. Iliyochukua nafasi yake ni Ilala ya pili, iliyoundwa Glasgow, nayo ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu wa umri mkubwa katika ufuko huu walihesabu majuma kwa kufika kwake.

Upande wa kaskazini mambo yalikuwa tofauti. Mbeya ilianza mwaka wa 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, bila reli. Shirika la Reli lilipeleka malori na mabasi yake kutoka reli ya kati mpaka Iringa na Mbeya, hivyo mtu aliweza kusafiri na shirika hilo pasipo kuona gari la moshi kwa siku nzima au mbili. Wakati wa masika barabara ilikuwa tope. Kwa mazao ya uwanda wa Kyela, njia ya Dar es Salaam ilikuwa ndefu, ya mlima na ya gharama. Njia ya Beira ilikuwa tambarare ya maji. Vijana nao walifuata mkondo uleule. Walikwenda Lupa, wakaenda machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine wakafika Johannesburg. Ni rahisi kuwalaumu watawala kwa kutojenga reli ya kushuka Kyela, na lawama nyingine wanazistahili. Lakini kwa jambo hili mfanyabiashara wa wakati ule asingeona haja.

Haja iliumbwa na siasa. Nyasaland ikawa Malawi tarehe 6 Julai 1964. Rhodesia ya Kusini ikajitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, na Beira ilikuwa mikononi mwa Wareno. Mwaka wa 1967 Tanzania na Malawi zikaanza kubishana juu ya mpaka: uko katikati ya maji, au uko ufukoni mwa Tanzania? Hata jina la ziwa likawa neno la ugomvi. Ziwa lililokuwa kiungo likarudi kuwa mpaka, na vituo vilivyotazama kusini vikajikuta vimetazama ukuta. Hapo ndipo Kyela ilipokuwa mwisho wa nchi. Haikuwa hivyo tangu zamani.

Na wakati huohuo reli ilikuwa inakuja. Mkataba wa Tanzania, Zambia na China ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Kazi ikaanza Oktoba 1970. Chuma kikafika Kapiri Mposhi mwaka wa 1975, na reli ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kwa jumla. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda ukingo wa nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja mengi. Kisha hupita Rujewa na Chimala, na kabla ya Mbeya, huko Uyole, hufikia kilele chake, karibu mita 1,790. Hapo ndipo ilipolikaribia Ziwa Nyasa kuliko mahali pengine pote upande huu, nayo ikageuka kuelekea Vwawa na Tunduma.

Kwa nini haikutoa tawi la kushuka? Sababu ya kwanza ni lengo lake: ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia. Sababu ya pili ni hesabu ya mteremko, na hii yafaa ifahamike, maana huonekana kama kisingizio na kumbe sivyo. Reli ya kawaida haipendi kushuka zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100. Kutoka njia ya kati ya Uporoto na Rungwe hadi ufukoni ni mita 1,500 za kushuka. Hesabu hiyo yataka kilomita 75 za mteremko usiopumzika hata mahali pamoja, katika ardhi ya majivu ya volkano, yenye makorongo, na inayopata mvua nyingi kupita karibu sehemu zote za Tanzania. Na kabla ya kushuka, gari lingepaswa kupanda kutoka Uyole. Nchi ambazo zimejaza milima yake reli ndogo, kama Japani na Uswisi, zilifanya hivyo kwa fedha nyingi na kwa abiria wengi wa kila siku. Mlima Rungwe haukuwa na hayo.

Kilichobaki ni meli. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977 likaundwa Shirika la Reli Tanzania, na idara yake ya meli ikashika Nyasa pamoja na maziwa mengine. Kwa miaka 20, basi, Itungi, bandari ya Kyela iliyochukua nafasi ya Mwaya, ilikuwa kituo cha Shirika la Reli kwa sheria na kwa mshahara wa wafanyakazi wake, ijapokuwa reli ya shirika hilo iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Kwa maana reli ya Mbeya ni ya TAZARA, shirika jingine. Mwaka wa 1997 meli zikatengwa zikapewa kampuni yake. Songea na Iringa zilitumika hata zikachakaa, na katika miaka iliyofuata Mamlaka ya Bandari iliunda palepale Itungi meli mbili za mizigo, Njombe na Ruvuma, na ya abiria, Mbeya II, iliyoingizwa majini mwaka wa 2021.

Kuna kinyume kimoja kisichotajwa mara nyingi. Vita vya Msumbiji vilipoziharibu njia za Malawi za kwenda baharini katika miaka ya 1980, Malawi ilitafuta njia ya kaskazini. Ghala za mizigo yake zikajengwa Dar es Salaam na Mbeya. Bidhaa zikaja Mbeya kwa reli, zikapakiwa katika malori, zikashuka kwa barabara ileile ya Tukuyu hadi daraja la Songwe huko Kasumulu. Miaka 50 kabla yake Kyela ndiyo iliyokuwa ikikopa reli ya Nyasaland. Sasa Malawi ikaja kukopa reli ya Mbeya, na mzigo ukapita mlangoni mwa Kyela.

Mpango wa Fuchs nao umeamka kwa sura nyingine. Reli inayokusudiwa kutoka Mtwara, yenye matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, imechorewa mwisho wake Mbamba Bay, upande wa kusini wa Manda. Ikijengwa, kituo cha reli kitakuwa tena katika ufuko wa mashariki, na njia ya Kyela ya kukifikia itakuwa meli, kama ilivyowazwa mwaka wa 1905. Meli itokayo Itungi kwenda Mbamba Bay hufuata ukuta wa milima ya Livingstone, ikitua Lupingu, Manda na Liuli, penye gati au pasipo na gati. Pasipo na gati abiria hushushwa katika mitumbwi. Na kabla ya Lupingu hupita Lumbila, kijiji cha wavuvi katika ghuba nyembamba, ambapo boma la Langenburg lilijengwa mwaka wa 1893.